Filamu iliyofichwa na mwenyewe (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia kanda ya VHS: namna inavyoota kuvu, namna hedi ya deki inavyochafuka na picha kujaa chenga. Leo tugeukie kilichomo ndani ya kanda. Mtu mwenye runinga ya kisasa ukutani anahangaika na nini na picha hafifu ya miaka ya themanini, ilhali filamu ileile inauzwa ikiwa safi kabisa? Jibu lake atakupa kwa mkato: si filamu ileile.

Mfano usiokwepeka ni Star Wars ya George Lucas, iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Mei 1977. Mwaka 1997, ilipotimiza miaka ishirini, Lucas aliitoa upya ikiwa imeongezwa viumbe vya kompyuta, mandhari mapya na tukio zima lililokuwa limeachwa. Mabishano makubwa, hata hivyo, yalizuka juu ya sekunde chache tu. Han Solo ameketi kilabuni, mbele yake yuko Greedo, mwindaji wa watu kwa malipo, amemwelekezea bastola. Katika filamu ya 1977, Han anachomoa yake taratibu chini ya meza na kumlipua. Katika ile ya 1997, Greedo ndiye anayefyatua kwanza, anakosa, ndipo Han anajibu. Mwaka 2004 milio ikasogezwa hadi ikakaribia kugongana. Mwaka 2019, filamu ilipoingia kwenye huduma ya Disney, Greedo akapewa na neno la kutamka kabla hajafa. Kwa maoni yangu, mtu anayemkosa mwenzake aliye ng'ambo ya meza hafai kuajiriwa kuwinda hata kuku. Lakini hoja ni nzito kuliko utani huo. Han wa kwanza ni mhuni anayejiwahi, na filamu nzima inasimulia jinsi mhuni huyo anavyobadilika. Ukimsafisha mapema, safari yake inakosa mahali pa kuanzia.

Wala haikuishia hapo. Return of the Jedi ya 1983, ya mfululizo huohuo, inamalizika kwa mzimu wa Anakin Skywalker, ulioigizwa na mzee Sebastian Shaw. Katika DVD za 2004 Shaw ameondolewa, na mahali pake amesimama Hayden Christensen, ambaye filamu hiyo ilipotoka alikuwa mtoto wa miaka miwili.

Msanii ana haki ya kurudia kazi yake, hilo silipingi. Kinacholalamikiwa ni kwamba toleo jipya lilipokuja, la zamani liliondolewa rafuni, na negativu yenyewe ilifunguliwa ili vipande vipya viingizwe. Aliyefanya hivyo ndiye yuleyule aliyesimama mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kuwakemea wanaopaka rangi na kubadili filamu za zamani. Mwaka uliofuata, Star Wars ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Iliyoingizwa ni ile ya 1977, ambayo baada ya miaka minane tu mwenyewe aliiweka kando.

Ilibaki majumbani mwa watu. Kulikuwa na kaseti za VHS za 1995, zilizonadiwa kama nafasi ya mwisho ya kuinunua filamu ilivyokuwa, na kulikuwa na seti ya mwaka 1993 ya LaserDisc, zile diski zenye upana wa sahani ya pilau ambazo huku kwetu wachache waliwahi kuziona. Mwaka 2006 studio iliyatoa matoleo ya awali katika DVD kama nyongeza, ila yalinakiliwa kutoka kwenye mikanda mama ileile ya 1993. Picha ilikuwa ndogo, imezungukwa na weusi, na kila kitu kinachokwenda kasi kiliacha michirizi, matokeo ya mashine ya zamani ya kuondoa chenga.

Hapo ndipo mashabiki walipoingia na nyaya zao. Ukichomeka deki ya LaserDisc kwenye kompyuta kwa njia ya kawaida, unapata picha iliyokwisha kuchujwa na sakiti za miaka ya themanini. Wakaona heri wayanase mawimbi yanapotoka tu kwenye jicho la leza, kabla sakiti hizo hazijayagusa, kisha programu ya kompyuta ndiyo iyageuze kuwa picha. Kifaa chao kilizaliwa kutokana na juhudi za kuokoa diski za mradi wa Domesday wa BBC wa mwaka 1986, na baadaye maarifa hayohayo yakahamishiwa kwenye VHS: waya unaungwa karibu na hedi ndani ya deki.

Kisha hutafutwa nakala nyingine za diski hiyohiyo, tuseme tano. Programu inazilinganisha nukta kwa nukta. Pale ambapo nne zinakubaliana na ya tano ina chenga, ya tano inatupwa. Waliohariri tenzi za zamani za Pate na Lamu wataitambua kazi hii: kuweka miswada kadhaa mezani na kupima neno la mnakili huyu dhidi ya la yule.

Kama miswada, kanda na diski nazo husema uongo. Star Wars ina dakika 121, na uso mmoja wa LaserDisc hubeba dakika 60. Mwaka 1982 filamu nzima iliharakishwa kidogo ili itoshe kwenye nyuso mbili, na mnunuzi hakujua. VHS nyingi nazo zilikata pande za picha ili ijaze runinga za wakati ule, na kwa filamu pana kama hii hiyo ni zaidi ya theluthi ya picha iliyotupwa.

Ndiyo maana wengine waliziacha kanda na kwenda kwenye nakala za milimita 35 zilizokuwa zimezunguka majumba ya sinema. Nyingi zimegeuka nyekundu, lakini zilizochapwa Uingereza kwa njia ya Technicolor hazififii, na kutokana na hizo kikundi cha watu wa kujitolea kilitengeneza toleo liitwalo 4K77. Kisheria kazi hiyo haina kibali. Wenyewe huhimizana kwamba kila anayeichukua awe ameinunua filamu halali, kanuni ya heshima isiyoweza kumtetea mtu mahakamani. Hata hivyo, Juni 2025 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilifungua tamasha lake jijini London kwa nakala ya Technicolor ya 1977, na tiketi ziligombewa.

Huku kwetu matoleo yasiyo na mfano wake Hollywood wala Mumbai yapo, tena si machache: kanda za Lufufu na wasimulizi wenzake, waliozitafsiri filamu za kungfu na za Kihindi kwa Kiswahili huku wakitia chumvi zao, zikajaza vibanda umiza. Studio inayo picha. Ile sauti haina. Mwenye kaseti ya namna hiyo asiikimbilie deki. Akifungue kile kifuniko cha mbele na kutazama kama utepe una unga mweupe, na kama upo, aipeleke kwa fundi kwanza, maana deki itaupaka kuvu huo kwenye kila kanda itakayofuata. Kisha avunje kile kijino cha plastiki ubavuni penye lebo, mtoto asije akarekodi mechi juu yake. Wiki ijayo tutaona namna ya kuihamishia kwenye kompyuta kwa vifaa vinavyopatikana Kariakoo na Luthuli Avenue.

(Itaendelea)