Montréal: gari lako halipo? Huenda si wezi, ni theluji

Mkongomani aliyefika Montréal, Kanada, akiamka asubuhi asione gari lake, wazo la kwanza ni wizi. Mara nyingi serikali ya mji ndiyo iliyolisogeza.

Theluji ikianza kuanguka, mashine huisukuma pembeni na barabara kumwagiwa chumvi. Baridi ikiwa kali sana chumvi huishiwa nguvu, ndipo vijiwe vidogo hutumika.

Ikifikia sentimita 10 hadi 15, theluji yenyewe huondolewa. Mabango ya rangi ya chungwa huwekwa barabarani kuonyesha saa ambazo ni marufuku kuegesha gari. Baadaye king'ora hulia, hata usiku wa manane: hilo ndilo onyo la mwisho. Gari lililobaki huvutwa hadi barabara ya jirani, na mwenyewe hulipa faini. Kulitafuta kunawezekana kwenye tovuti ya mji.

Theluji hupakiwa kwenye malori. Sehemu yake huishia Francon, machimbo ya zamani ya mawe mtaani Saint-Michel, ambako rundo huweza kudumu hadi majira ya joto.

Mlango wa nyumba ni kazi ya mkaaji mwenyewe. Kuisukumia theluji hiyo barabarani pia kuna faini.