Ritifaa si uchafu wa kupanguswa kwenye jina la mtu

MAJUZI mpwa wangu alinipigia simu kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Yeye husimamia hifadhidata katika chama kimoja cha akiba na mikopo, nami sitakitaja jina.

"Mjomba, wewe ni mtu wa Kiswahili. Hebu niambie, hii alama ya juu kwa jina Ng'ang'a inaitwaje?"

"Ritifaa," nikamjibu.

"Basi hiyo ritifaa yenu imeninyima usingizi!"

Kisa chenyewe ni hiki. Mjane mmoja alikuwa amefika kuchukua akiba ya marehemu mumewe. Kitambulisho na cheti cha kifo vilisema Ng'ang'a. Kompyuta ya chama ilisema Nganga. Karani akashikilia kwamba hao ni watu wawili, na mama wa watu akarudishwa nyumbani mara tatu.

Mpwa wangu hakutaka kubahatisha. Alifungua kumbukumbu za matukio, yaani daftari ambamo seva hujiandikia makosa yake. Humo alikuta seva imelalamika tena na tena kwamba imepewa sentensi yenye kosa la sarufi karibu na "ang". Akatengeneza nakala ya hifadhidata kando, ili asihatarishe ile halisi, kisha akajaribu kuingiza jina hilo. Kosa likajirudia. Kumbe makarani, walipochoka kukataliwa, walijitafutia njia ya mkato. Waliondoa ritifaa, jina likapita!

Ni sarufi gani hiyo? Hifadhidata nyingi za maofisini huweka taarifa katika majedwali yanayohusiana, wazo alilolitoa Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Lugha ya kuyaamuru majedwali hayo, SQL, ilibuniwa katika kampuni hiyo hiyo miaka michache baadaye. Katika SQL, jina la mtu hufungiwa kati ya alama mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Alama yenyewe ni ile ile tunayoitumia kama ritifaa. Seva ikisomewa 'Ng'ang'a' hudhani jina limekomea kwenye Ng. Ikikutana na "ang" huichukua kuwa sehemu ya amri, haiielewi, inagoma.

Waliotunga lugha hiyo waliiona alama hii kama kituo cha uakifishaji. Kwetu ni sehemu ya herufi. Ng' ni sauti moja, na wanaisimu huiita king'ong'o. Tazama jinsi neno lenyewe linavyoibeba mara mbili. Ukiondoa ritifaa umebadilisha neno. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ilhali ngoa ni wivu.

Kwa hiyo tiba haikuwa kulisafisha jina. Mpwa wangu aliirekebisha programu ili amri na jina vifike kwenye seva mbalimbali. Amri hutangulia ikiwa na nafasi tupu, kisha jina huja kujazwa humo. Seva hailisomi tena jina kama amri, hata likiwa na ritifaa kumi. Njia hiyo huziba pia mlango wa wezi, ambao hupenda kuandika amri zao mahali pa jina.

Lakini kulikuwa na tatizo la pili. Simu na programu za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni nambari 39 na iliyopinda ni 8217. Ukiliweka jina kwa moja na kulitafuta kwa nyingine, huenda seva ikakuambia mtu huyo hayupo. Dawa yake ni kuchagua moja, na kuzigeuza nyingine zote mlangoni.

Yule mama alilipwa baada ya nambari ya kitambulisho cha mumewe kulinganishwa na ile iliyo kwenye jedwali. Majina yaliyokwisha kunyolewa ndiyo yaliyobaki kuwa mzigo. Haiwezekani kuiamuru seva imrudishie kila Nganga ritifaa, kwa maana wapo wanaoandikwa hivyo hata kwenye vitambulisho vyao. Imebidi wanachama wapigiwe simu mmoja mmoja. Kufuta ni kazi ya sekunde, kurudisha ni kazi ya miezi.

Sisi walimu nasi tusijitoe lawamani. Mwanafunzi akiandika "ngombe" tunapita tukisema anaeleweka. Kesho ndiye karani, na ndiye mtunga programu.

Nawe msomaji uitwaye Nyong'o au Ng'eno, hebu kaulizie leo jina lako limeandikwaje huko unakoweka akiba. Usingoje watoto wako wakaulize kwa niaba yako.