Je, Wajua? Q Inayotembea Bila U

Ndani ya mfuko wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni, mna vipande 100, na kimoja tu kati ya hivyo kina herufi Q. Thamani yake ni pointi 10, sawa na Z, lakini wachezaji wengi wakikitoa mfukoni hukunja uso. Kisa ni U. Katika Kiingereza cha kila siku Q haiendi popote bila U, na mfuko mzima una U nne tu. Mwenzako akimaliza vipande vyake wewe ukiwa bado umeshika Q, unakatwa pointi 10, na yeye anaongezewa hizo hizo.

Aliyepiga hesabu hizi ni Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Alikaa na magazeti, ukurasa wa mbele wa New York Times ukiwemo, akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. E akaipa vipande 12 vya pointi moja moja. S akaibania, vipande vinne tu, ili watu wasishinde kwa kuongeza S ya wingi kwenye maneno ya wenzao. Mwaka 1948 mjasiriamali James Brunot aliupa mchezo huo jina la Scrabble, na mgawo wa herufi wa Butts ndio unaotumika hadi leo katika Kiingereza.

Kilichotanuka ni orodha ya maneno yanayokubalika. Ile ya wachapishaji Collins, inayotumika katika mashindano ya kimataifa, ina takriban maneno 280,000, na mengi Mwingereza wa kawaida hajapata kuyasikia. AA ni lava iliyoganda kwa ncha kali, neno la Hawaii. AI ni mnyama mzito wa kutembea, mwenye kucha tatu, wa misitu ya Amerika Kusini. CWM, lisilo na irabu hata moja ya Kiingereza, ni neno la Wales kwa bonde la duara lililochongwa na barafu mlimani. Mpanda milima George Mallory alilipeleka Everest mwaka 1921, na bonde la magharibi la mlima ule linaitwa hivyo mpaka sasa.

Kisha kuna QI, nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina. Neno hili la herufi mbili ndilo lililopunguza mateso ya Q. Tuseme ubaoni kuna I iliyokaa peke yake kwa chini, na juu yake kuna nafasi ya kuzidisha herufi mara tatu. Weka Q pale, na I nyingine kuliani kwake. Umeandika QI kwenda chini na QI kwenda kulia kwa mkupuo mmoja: Q inahesabiwa 30 mara mbili, na jumla ni pointi 62. Kwa vipande viwili tu!

Lakini hazina kubwa ya Q isiyo na U imetoka kwenye Kiarabu, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao pengine haujui. Qaf ya Kiarabu sisi tuliifanya K. Waandishi wa Kiingereza wakaiandika kwa Q. Basi QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka, QIBLA ni kibla, FAQIR ni fakiri, NIQAB ni nikabu. WAQF, pointi 19 kabla ya nyongeza yoyote, ni wakfu, jambo ambalo Zanzibar ina kamisheni nzima ya kulisimamia. QAT ni miraa, au mirungi, ile ile inayolimwa Meru. Hata QALAMDAN, neno la Kiajemi linalotisha kwa kulitazama, ukilisoma polepole utaiona kalamu: ni kisanduku cha kuwekea kalamu.

Tahadhari moja. Si kila K yetu ni qaf. Kitabu, kwa mfano, kina kaf, kwa hiyo usikimbilie kukiandika kwa Q. Mpinzani akilipinga neno na likakosekana kwenye orodha, unaondoa vipande vyako na zamu imepita bure.

Wapo wanaosema maana si kitu katika mchezo huu, na wana ushahidi mzito. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukijua Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno kwa takriban wiki tisa. Namheshimu sana, ila kumbukumbu kama ile ni ya watu wachache mno. Kwa sisi wengine, neno lenye maana hukaa kichwani, na neno lisilo na maana huvuja. Tena si lazima ukariri kila neno: mwaka huo huo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, huko Perth, Australia, akiwa na wenzake waliojinoa hasa kwenye maneno mafupi, ya herufi tano hivi.

Maneno yetu wenyewe nayo yamo kwenye orodha ya Collins. MZEE ni pointi 15, KANZU 18, na UGALI, MATATU, UHURU na MVULE yote yanakubalika. Na kama Q imeshatumika, kadhi bado ana njia nyingine, kwa sababu orodha inakubali pia KADI na CADI. Inakubali hata KAZI, pointi 17, ambalo huko si kazi ya kutoka jasho: ni huyo huyo kadhi, kwa matamshi ya Kiajemi.