Malaysia na Hesabu ya Wazawa

Fomu nyingi nchini Malaysia, iwe ya kumwandikisha mtoto shule au ya kuomba mkopo benki, zina sehemu ya kujaza kabila, na visanduku vyake vimezoeleka: Mmalei, Mchina, Mhindi, Wengineo. Jibu la swali hilo lina uzito. Linaweza kuamua kama mtu atauziwa nyumba mpya kwa punguzo, kama kijana atapata nafasi katika kozi fupi ya kuingilia chuo kikuu cha umma, kama kampuni itaruhusiwa kuomba zabuni fulani ya serikali. Wanaopewa kipaumbele huitwa Bumiputera, yaani wazawa: Wamalei pamoja na wenyeji wa majimbo ya Sabah na Sarawak katika kisiwa cha Borneo. Kati ya raia wote, hao ni kama asilimia 70. Wachina ni kama 23, Wahindi hawafiki 7.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuitazama nchi hii kwa makini. Miaka ile ile ambayo Tanzania ilitaifisha njia kuu za uchumi kwa Azimio la Arusha, na Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, Malaysia nayo ilikuwa inahangaika na swali hilo hilo: wenyeji walio wengi wafanyweje waache kuwa watazamaji katika uchumi wa nchi yao? Ikachagua njia ya tatu, na imeishika kwa zaidi ya miaka 50. Hata mjadala wa uzawa uliovuma Tanzania miaka ya 1990 ulikuwa ukigusa mambo ambayo kule yalikwisha kuwa sera na sheria.

Mgawanyo wenyewe ulitengenezwa na ukoloni. Bati la Perak na Selangor liliwavuta maelfu ya Wachina kutoka kusini mwa China. Mpira ulipoanza kuwa dhahabu ya dunia ya magari, Waingereza walileta vibarua wa Kitamil kutoka kusini mwa India, kama walivyokuwa wameleta Wahindi kujenga reli ya Uganda. Wamalei wakaachwa vijijini na mpunga wao na uvuvi wao. Mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuwahifadhia ardhi. Iliwalinda wasinyang'anywe, lakini pia iliifanya ardhi hiyo isiwe na thamani kubwa mbele ya mkopeshaji, kwa kuwa haikuweza kuuzwa kwa asiye Mmalei. Uhuru ulipofika Agosti 31, 1957, Wamalei walikuwa karibu nusu tu ya watu wa Malaya, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Makubaliano ya wakubwa yakawa hivi: Wachina na Wahindi wapate uraia, Wamalei walindiwe nafasi yao maalumu. Ibara ya 153 ya Katiba inalisema jambo hilo waziwazi.

Maelewano hayo yalipasuka Mei 13, 1969. Siku tatu baada ya uchaguzi ambao vyama vya upinzani vilipata kura nyingi kuliko ilivyotarajiwa, Kuala Lumpur iliwaka moto. Takwimu za serikali zinataja vifo 196, wengi wao Wachina. Wengine wanaamini waliokufa ni wengi zaidi. Bunge lilisimamishwa hadi 1971, na nchi ikaongozwa na baraza la dharura chini ya Tun Abdul Razak.

Mwaka 1971 akatangaza Sera Mpya ya Uchumi, yenye malengo mawili. La kwanza, kufuta umaskini kwa watu wote bila kujali kabila. La pili, kuvunja ile hali ya kazi fulani kuwa za kabila fulani. Wakati huo Bumiputera walimiliki asilimia 2.4 tu ya hisa za makampuni, na lengo likawa asilimia 30 kufikia 1990. Jambo moja husahaulika mara nyingi katika hesabu hii: mwenye mali mkuu hakuwa Mchina. Zaidi ya asilimia 60 ya hisa zilikuwa mikononi mwa wageni, na Waingereza ndio waliotangulia. Damu ilimwagika mitaani kati ya Mmalei na Mchina, na faida ya mpira ikaendelea kupanda meli kwenda London.

Ndiyo maana kilichotokea asubuhi ya Septemba 7, 1981 kinastahili kusimuliwa. Kampuni ya Guthrie, iliyomiliki mashamba makubwa ya mpira na michikichi Malaysia, ilikuwa imeandikishwa katika soko la hisa la London. Serikali ya Malaysia haikutuma askari wala kutangaza kutaifisha. Shirika lake la uwekezaji, Permodalan Nasional Berhad, liliwaagiza madalali wanunue hisa za Guthrie mara tu soko litakapofunguliwa. Ndani ya saa chache wakurugenzi mjini London wakawa wanazungumza na mwenye kampuni mpya. Kila hisa ilinunuliwa na kulipiwa sokoni. Nikilinganisha na viwanda na mashamba yetu tuliyotaifisha kwa shangwe na baadaye tukayaona yakifa, naona wivu wa haki.

Mali iliyopatikana kwa njia kama hiyo iliingizwa katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambayo Mmalei wa kawaida angeweza kununua vipande vyake. Mfuko maarufu, Amanah Saham Bumiputera, ulianza 1990. Kipande kimoja huuzwa ringiti moja na hununuliwa hata kwenye kaunta ya posta. Mwalimu wa shule ya msingi kule Kelantan anaweka akiba yake humo na kila mwaka anasubiri gawio. Vijijini nako, shirika la FELDA lilikata misitu na kuzipa familia maskini kama hekta nne kila moja za mpira au michikichi, pamoja na nyumba, na deni likakatwa katika mauzo ya mazao. Mafuta ya kula tunayonunua Dar es Salaam na Mombasa kwa sehemu kubwa ni mawese ya Malaysia na Indonesia, kutoka kwa mti uliotokea Afrika Magharibi.

Matokeo ya lengo la kwanza hayana ubishi. Mwaka 1970 karibu nusu ya kaya za Rasi ya Malaya zilikuwa maskini. Miaka 20 baadaye ilikuwa kama moja kati ya sita. Watoto wa wakulima wa mpunga wakawa madaktari, wahandisi na mahakimu. Yote hayo yalifanyika uchumi ukikua kwa kasi, kwa hiyo Mchina hakulazimika kuporwa ili Mmalei apate. Hilo ndilo fungu la sera ninalolivulia kofia.

Lengo la pili ndilo lililopinda. Kufikia 1990 umiliki wa Bumiputera ulikuwa kama asilimia 19, na tangu hapo umekuwa ukizunguka hapo hapo. Leseni na zabuni ziliwaendea waliokuwa karibu na wakubwa wa UMNO, chama cha Wamalei kilichokuwa kikitawala. Ukazuka mtindo ambao Wamalaysia wenyewe wanauita Ali Baba: Ali, Mmalei, ana leseni, Baba, Mchina, ana mtaji na ujuzi. Ali hukaa nyumbani na kupokea chake. Mkulima aliyekusudiwa hakuhusika kabisa na biashara hiyo, ingawa jina lake ndilo lililotumika kuihalalisha.

Na mzawa ni nani? Ibara ya 160 inamtaja Mmalei kuwa ni Mwislamu, anayezungumza Kimalei na kufuata mila za Kimalei. Kwa hiyo mjukuu wa mhamiaji kutoka Java anaweza kuhesabiwa Mmalei, na Mchina wa Melaka ambaye ukoo wake umekaa pale karne kadhaa, ambaye bibi yake alivaa kebaya na kuzungumza Kimalei jikoni, hahesabiwi. Wazao wa Wareno wa mji huo huo, ambao ni Wakristo, wameruhusiwa kununua vipande vya mifuko ya Bumiputera. Kwa upande mwingine Orang Asli, watu wa kwanza kabisa wa rasi, hawatajwi katika ibara ya 153, na mpaka leo wamo miongoni mwa maskini wa mwisho nchini.

Walioumia kimyakimya zaidi ni Watamil wa mashambani. Kibarua wa shamba la mpira aliishi katika nyumba ya kampuni. Shule ya mtoto na hekalu lake vilikuwa humo humo shambani. Mashamba yalipogeuzwa kuwa mitaa ya nyumba na ofisi, alipoteza vyote kwa mkupuo. Putrajaya, mji wa serikali wenye madaraja na ziwa la kuchimbwa, ulijengwa palipokuwa shamba la Prang Besar, na vibarua wake wakahamishiwa katika maghorofa nje ya mji. Sera iliwahesabu kama Wahindi, na katika hesabu hiyo walichanganywa na wanasheria na madaktari wa Kihindi, hivyo wastani wao ukaonekana mzuri. Novemba 25, 2007 maelfu yao waliandamana Kuala Lumpur, baada ya mahekalu kadhaa kubomolewa, wakapigwa maji ya kuwasha na mabomu ya machozi.

Hesabu ya kabila ina tabia hiyo ya kuwaficha maskini ndani ya kundi. Serikali ilikuwa ikitangaza kuwa umaskini umebaki asilimia 0.4. Mwaka 2019 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alisema kipimo hicho kimepitwa na wakati, na serikali ikakasirika. Mwaka uliofuata ikabadilisha kipimo yenyewe, na umaskini wa 2019 ukaonekana kuwa asilimia 5.6.

Mwaka 2018 serikali mpya ilipotaka kuridhia mkataba wa kimataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi, upinzani ulikuwa mkali hata ikarudi nyuma, na Desemba mwaka huo umati ukajaa katikati ya Kuala Lumpur kusherehekea. Agosti 2024 serikali ya Anwar Ibrahim nayo ilizindua mpango mwingine wa uchumi wa Bumiputera, wa kufika hadi 2035. Lakini Sabah, ambako wenyeji kama Wakadazan-Dusun na Wabajau wanahesabiwa Bumiputera, ilikuwa na kaya maskini asilimia 19.7 mwaka 2022, zaidi ya mara tatu ya wastani wa taifa.