Mwalimu na Mtoto Aliyekata Tamaa

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo aghalabu hutajwa kwa minong'ono: vijana kujiua. Wanachuo wengi hudhani kwamba hili ni tatizo la watu wazima au la nchi za mbali. Sivyo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua, na katika kila 100 kama 73 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Mwalimu wa shule ya msingi huwalea kabla hawajafika umri huo.

Sababu haiwi moja. Hukusanyika kadhaa: huzuni ya muda mrefu ambayo ni ugonjwa hasa, kupigwa au kunajisiwa, msiba, ulevi nyumbani, kuonewa na wenzake. Upweke twautaja peke yake, kwa kuwa mkoani Tabora una sura yake. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji haikufa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na watu wangali wanaifuata. Familia hutoka Kigoma kufanya vibarua katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua. Mtoto wao huenda akaingia darasani katikati ya mwaka, hana rafiki, na matamshi yake yanachekwa. Mwalimu anayecheka pamoja na darasa amemtwisha mzigo juu ya mzigo.

Aibu nayo huweza kuletwa na shule yenyewe. Msichana aliyepata mimba alikuwa akifukuzwa hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba aweza kurudi baada ya kujifungua. Tangazo halikomeshi masimango. Hayo hukomeshwa na mwalimu.

Dalili ni kama kuacha michezo aliyoipenda, kugawa vitu vyake, au kusema kwamba wenzake watapumzika akiondoka. Hapo hapana budi kumwita faraghani na kumwuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia uzito. Asiahidiwe siri, wala asiachwe peke yake. Mwalimu mkuu na mlezi anayeaminika waarifiwe, apelekwe hospitali, na kwa mjini Tabora ipo ya Kitete. Ikiwa hatari imo nyumbani, aitwe afisa ustawi wa jamii. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Familia nyingine huficha kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu yetu huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Kwa maoni yetu, mgonjwa hatibiwi kwa mashtaka.

Liko jambo dogo la kusema katika mkutano wa wazazi wanaolima tumbaku na pamba: dawa za kuulia wadudu zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ashike mtu mzima. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa zilizo kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 20, kwa kuwa hamu ya kufa mara nyingi hudumu saa chache tu, na aliyevushwa saa hizo wengi wao huishi.