Land Rover ya zamani nayo inaoza

Kila mara mtu anapotaka kununua Land Rover 109 ya zamani, swali linakuja lilelile: muuzaji amebandika sumaku kwenye bodi, haikushika, kwa hiyo ni alumini na kutu si tatizo, sivyo?

Sivyo. Sumaku imekuonyesha sehemu ya gari ambayo haikuwa na shida tangu mwanzo. Ipeleke sumaku hiyo hiyo chini, kwenye chasisi, uone kama haitashika.

Imani hii inatokana na hadithi kwamba Waingereza waliunda bodi ya alumini makusudi, ili gari listahimili mvua na chumvi za makoloni. Haikuwa hivyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Akaona Rover iunde gari la mkulima la namna hiyo. Lakini chuma nchini Uingereza kilikuwa cha mgawo. Alumini ilipatikana, kwa kuwa viwanda vya ndege havikuihitaji tena kama wakati wa vita, tena mabati yake yaliweza kukunjwa bila mashine kubwa za gharama. Gari hilo, Land Rover ya kwanza, likaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na Rover wenyewe walilichukulia kuwa la kuziba pengo mpaka biashara ya magari yao ya kawaida itengemae. Alumini ilichaguliwa kwa sababu ya uhaba. Afrika haikuwamo kwenye hesabu hiyo.

Chasisi ilikuwa ya chuma, na ikabaki ya chuma mpaka gari la mwisho la ukoo huo, Defender, lilipotoka kiwandani Solihull Januari 2016. Iliundwa kwa vipande vya bati nene vilivyochomelewa vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Na kuna jambo ambalo hata mashabiki wengi hawalijui: magari ya majaribio ya 1948 yalikuwa na chasisi iliyochovywa kwenye zinki. Yalipoanza kutengenezwa kwa ajili ya soko, zinki ikaachwa, chasisi zikapakwa rangi tu. Kinga ilijulikana tangu siku za kwanza.

Sasa tufike kwenye oili chafu, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Pwani nzima, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, utaambiwa upake oili ya injini iliyotumika chini ya gari na kutu itakoma. Chasisi ni boksi. Maji na matope huingia kwenye matundu, hukaa ndani, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Wewe unapaka nje! Zaidi ya hapo, oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini, inashika mchanga ukakaa na unyevu wake, inavimbisha raba za bushi, na ikikugusa ngozini mara kwa mara ni hatari kwa afya yako. Lami juu ya kutu ni mbaya zaidi, kwa kuwa inafungia maji ndani na kumficha fundi kidonda. Nimeona chasisi nyeusi inayong'aa, ukichoma kwa bisibisi, bisibisi inazama mpaka mpini.

Hiyo alumini yenyewe nayo haijasalimika. Bati la mlango limekunjwa juu ya fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana na kupata maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Tazama ukingo wa chini wa mlango wa pikapu inayobeba samaki wa barafu: rangi imetoka malengelenge, na ukiikwangua unaanguka unga mweupe. Usiuite vumbi, ndiyo bodi yako inayokwisha.

Ya kufanya ni haya. Kabla ya kulipa, gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma, vipande vinavyochomoza pembeni kushika bodi, na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti nzito. Ukitoka ufukweni, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukipitisha mpira ndani ya matundu ya chasisi. Zibua matundu ya kutolea maji. Gari likikauka kabisa, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani, siyo nje pekee. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Kiraka juu ya kutu ukikatae. Ukifungua paneli, weka raba au rangi nzito kati ya alumini na chuma. Chasisi ikiwa imekwisha, tafuta nyingine iliyochovywa zinki, na kama fedha haitoshi, subiri.

Muuzaji akikataa gari linyanyuliwe ulitazame chini, usilinunue.