Kipimo cha Dawa za Kulevya Kazini na Leseni ya Muuguzi: Mambo Ambayo Mkazi Anapaswa Kuyafahamu

Mgonjwa aliyelazwa wodini hupokea dawa mkononi mwa muuguzi bila kuuliza. Haoni kabati dawa ilimotoka, hasomi daftari lililotiwa saini, wala hana njia ya kujua kama kilichomo ndani ya bomba la sindano ndicho alichoandikiwa na daktari. Anaamini tu. Kwa sababu hiyo, habari inapoenea mtaani kwamba muuguzi fulani amepimwa na kukutwa na dawa za kulevya, wakazi huingiwa na hofu, na wengi huuliza kwa nini hakufukuzwa siku ile ile. Makala hii inaeleza hatua zinazofuata kipimo cha namna hiyo, nani mwenye mamlaka ya kuamua, na mkazi afanye nini anapokuwa na shaka.

Wakazi wa Tabora wanalifahamu tembe la Kwihara, alipokaa msafiri na mmishonari David Livingstone mwaka 1872, wakati mji wetu ulipokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1867, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Zambia, watu wawili aliowaajiri walitoroka na mizigo, na katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku lake la dawa. Baada ya hapo alisafiri kwa muda mrefu akiugua homa bila tiba. Msafara mzima ulitegemea uaminifu wa aliyebeba sanduku lile. Leo wodi nzima humtegemea anayeshika ufunguo wa kabati la dawa.

Leseni inatoka wapi

Hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi au ukunga nchini kwa cheti cha chuo pekee. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na awe na leseni hai. Masharti hayo yanamhusu muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete sawasawa na yule wa hospitali ya shirika la dini au wa zahanati ya kijiji. Ajira hutolewa na mwajiri. Leseni hutolewa na Baraza. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata.

Wauguzi wawili, jibu moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kituo kimoja cha afya, chupa za mofini zilizomo kabatini hazilingani na hesabu ya daftari. Wauguzi wa zamu wanaombwa kutoa sampuli za mkojo. Wawili kati yao wanaonekana kuwa na dawa za jamii ya afyuni. Wa kwanza amekuwa akijidunga mofini ya wagonjwa na kujaza maji katika chupa. Wa pili hajawahi kugusa dawa hiyo. Yumo katika miezi sita ya tiba ya kifua kikuu, na kila asubuhi humeza rifampisini.

Kipimo cha awali kimetoa jibu lile lile kwa wote wawili. Hilo linawezekana, kwa kuwa vipimo vya haraka havitambui dawa moja moja kwa uhakika. Vinatambua umbo la kemikali, na kemikali zenye kufanana huweza kuvidanganya. Taaluma ya tiba imethibitisha kwamba rifampisini, pamoja na baadhi ya dawa za kuua bakteria kama levofloksasini, huweza kuleta jibu la uongo la afyuni katika baadhi ya vipimo. Efavirenzi, dawa iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, imewahi kuleta jibu la uongo la bangi. Aidha, mtu aliyekunywa dawa ya maumivu au ya kikohozi yenye kodeini kwa maelekezo ya daktari atakutwa na mofini halisi mwilini, kwa sababu mwili wenyewe hubadili sehemu ya kodeini kuwa mofini.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni sababu ya kuuliza, wala si hukumu. Sampuli ile ile, iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa na kila aliyeishika, hupaswa kupelekwa kwenye maabara yenye mitambo ya kutambua kila kemikali kwa jina lake, kama ile ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hapo ndipo wauguzi wetu wawili hutengana. Mmoja ataonekana na mofini. Mwingine ataonekana na dawa ya kifua kikuu tu.

Inafaa kukumbuka mambo mengine mawili. Kwanza, kipimo cha mkojo hakisemi mtu alikuwa amelewa saa ngapi. Mabaki ya mofini huonekana kwa siku mbili au tatu, lakini ya bangi kwa mtumiaji wa kila siku huweza kukaa mwezi mzima au zaidi. Pili, kipimo kisichoonyesha kitu hakimsafishi mtu moja kwa moja, kwani dawa kama pethidini na tramadoli huweza kupita bila kuonekana katika kipimo cha kawaida cha afyuni. Ndiyo maana daftari la dawa, hesabu ya kila zamu na saini za watu wawili zina uzito sawa na maabara.

Milango miwili ya uamuzi

Jibu likithibitishwa, shauri huweza kupita katika milango miwili kwa wakati mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa mwajiri. Mtumishi wa umma hupewa mashtaka kwa maandishi, hupewa nafasi ya kujitetea, na uchunguzi hufanyika kabla ya mamlaka ya nidhamu kuamua. Asiporidhika anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Aliyeajiriwa na kituo binafsi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Akiachishwa kazi anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Mlango wa pili ni wa Baraza. Swali linaloulizwa hapo ni kama mtu huyu bado ni salama kumhudumia mgonjwa yeyote, popote nchini. Baada ya uchunguzi na kumsikiliza mhusika, Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha, au kuliondoa jina lake katika daftari la wauguzi. Aliyeachishwa kazi na hospitali moja anaweza kuomba kazi kwingine. Aliyeondolewa na Baraza hawezi kuwa muuguzi mahali popote. Ndiyo sababu mwajiri anayemwachia mtumishi aondoke kimya kimya, bila kulitaarifu Baraza, huwa amehamishia hatari kwa wagonjwa wa wilaya nyingine.

Wizi wa dawa, pamoja na kumiliki au kutumia dawa za kulevya, ni makosa ya jinai chini ya sheria za nchi, ikiwamo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mirungi nayo imo katika katazo hilo, hata kama inauzwa hadharani katika nchi jirani ya Kenya.

Uraibu ni maradhi pia

Kumwondoa muuguzi mwenye uraibu karibu na kabati la dawa ni lazima, na ni jambo la siku ile ile. Kumwondoa hivyo wakati uchunguzi unaendelea si kumhukumu. Hata hivyo, anayejua kwamba kusema ukweli kutamletea aibu tu atajificha mpaka mgonjwa aumie. Jimbo la Florida, Marekani, lilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwapatia wauguzi wa aina hiyo tiba chini ya uangalizi, huku wakizuiwa kuhudumia wagonjwa hadi watakapothibitika kuwa salama. Hapa nchini, tiba ya methadoni kwa waraibu wa dawa za jamii ya afyuni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwa wakazi wa kanda yetu ipo Itega, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Muuguzi mwenye tatizo, au ndugu yake, asisubiri kipimo kimfichue.

Wajibu wa mkazi

Ukiona muuguzi wa zamu akiyumba au kusinzia isivyo kawaida, au maumivu ya mgonjwa wako yasipotulia hata kidogo baada ya sindano aliyoandikiwa, mweleze mara moja muuguzi kiongozi au mganga mfawidhi. Usiporidhika, fika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, au uwaone wajumbe wa kamati ya kituo chako cha afya. Andika tarehe, saa, wodi, na ulichokiona kwa macho yako. Acha uliyoyasikia.

Vilevile, usilitangaze jina la mtu mtaani kabla uchunguzi haujakamilika. Huenda ni yule wa kwanza, aliyejaza maji katika chupa ya dawa, naye akishtuka mapema ataharibu ushahidi. Huenda pia ni yule wa pili, aliyeambukizwa kifua kikuu wodini akiwahudumia watu wa kata yako.